Kilo Mama

Serikali ilipoanguka, kila mtu alibeba alichoweza. Wengine walibeba viti vya ofisi, wengine milango. Mkaguzi wa mizani, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kilo, alibeba kisanduku chenye jiwe moja la shaba. Hilo ndilo lililokuwa kilo mama, na kila jiwe la mizani sokoni lilipimwa kwalo. Halikuguswa kwa mkono mtupu, maana jasho hula shaba. Kwa miaka thelathini na moja alilishika kwa glavu nyeupe, na marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba yeye hajawahi kushikwa kwa heshima hiyo.

Miaka miwili ikapita, na sokoni hapakuwa tena na jiwe zima. Kila mchuuzi alikuwa amelikwangua lake kwa tupa. Zamani mpunjaji alizomewa mpaka akahama mji; sasa aliyechekwa ni asiyepunja. Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa walikwisha kuoza wote, akabaki mmoja mzima, na huyo ndiye aliyeonekana ananuka.

Huyo mmoja alikuwa bintiye Mzee Kilo. Aliuza maharage kwa kilo ya kweli, kwa amri ya baba yake. Bei yake ikaonekana kubwa kuliko ya wenzake, wateja wakampita, maharage yakaingia wadudu. Mwanawe mdogo alianza kulala mchana kutwa, na haukuwa usingizi wa shibe.

"Baba, wamekuja tena wale wenye bunduki," binti alisema. "Wanasema meza ni ya anayepima kama wachuuzi wenzake. Wamenipa mpaka Ijumaa."

"Kupima kama wao ni wizi."

"Najua, baba. Lakini ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mjukuu wako atakula nini?"

Mzee Kilo alikuwa na hasira tu, na hasira haipikiki.

Alhamisi asubuhi aliazima jiwe la muuza mchele, akabeba kisanduku chake, mhuri wake wa zamani, na mizani na jiwe la bintiye, akaenda kwenye ofisi yake ya zamani, iliyokuwa imebaki kuta na meza moja iliyovunjika mguu. Kulikwangua jiwe la bintiye peke yake kungekuwa wizi, na yeye hakuzaa mwizi. Lakini kilo mama yenyewe ikipungua, alijiambia, hakuna aliyeiba. Sokoni kote watakuwa sahihi.

Akaweka kilo mama upande mmoja wa mizani, jiwe la muuza mchele upande wa pili, kisha akashika tupa. Glavu iliteleza, akaivua. Alikwangua huku analia, akipima, akikwangua tena, mpaka mizani ikatulia. Halafu akalipima jiwe la bintiye, akalikuta limezidi. Akalipunguza, akaligonga mhuri wa serikali isiyokuwepo.

Ijumaa meza ilibaki ya binti. Mteja wa kwanza alikuwa mkunga mzee, aliyemzalisha binti huyo na mwanawe pia. Kwa wachuuzi wengine alikuwa akiikodolea macho mizani mpaka wanamkasirikia. Hapa alimwona Mzee Kilo amekaa kando ya binti yake, akafungua kikapu bila kutazama.

"Kamili, Mzee Kilo?"

"Kamili."

"Mungu akuweke," mkunga alisema. "Umebaki wewe tu."