Bonyeza Moja Kukubali

Nakhungu hakuwa mtu wa kuvamia mazungumzo. Kwao Bungoma alilelewa hivyo: humwombi mtu hata chumvi kabla hujamsalimu, ukamweleza mlivyoamka, mvua ilivyo na nani anaumwa. Kwa hiyo kampuni moja ya chakula cha mifugo ilipowapa wafugaji wa Kitale namba ya Mshauri, ya kupiga bure na kuuliza maswali ya ng'ombe, yeye alianza kama alivyofunzwa.

"Mulembe, Mshauri. Huku Tuwan tumeamka salama, ni mimi tu na huyu ng'ombe wangu, Riziki."

Mshauri hakuitikia salamu. Nakhungu akadhani ni mtu wa Nairobi, maana hao huwa hawana muda wa salamu. Lakini hakumkatiza. Alinyamaza mpaka mama wa watu akamaliza, ndipo sauti ya upole ya kike ikamjibu habari ya kupe. Sasa niambie, mjane ambaye tangu amzike mumewe hana wa kumwambia hata kwamba chai imemwagika, akipata mtu wa kumnyamazia hivyo, atafanya nini? Alipiga kila asubuhi baada ya kumkatia Riziki majani. Maswali ya ng'ombe yakapungua, habari za nyumbani zikazidi. Alieleza kwamba bado humimina chai vikombe viwili. Alieleza kwamba binti yake Nangila, karani kule Bungoma, ana kazi nyingi na simu zake ni za haraka haraka. Siku moja, roho ikimuuma, akasema, "Mshauri, wewe unanisikiza kuliko mtoto wangu wa Bungoma."

Maneno hayo hayo aliyasikia tena akiwa kwenye duka la dawa za mifugo. Yalitoka kwenye redio ya mwenye duka, kwa sauti yake mwenyewe, yakifuatwa na muziki wa kuchangamsha na jina la kampuni. Wateja wakaangua kicheko. Nakhungu akatoka bila kununua dawa.

Kabla hajafika nyumbani, Nangila akapiga.

"Mama, ofisi nzima inanicheka. Ati mashine inakusikiza kuliko mimi?"

"Mashine gani, mwanangu? Mimi naongeanga na yule msichana."

"Hakuna msichana, Mama! Ni kompyuta. Si ungeniambia mimi kama uko na shida? Umenianika mbele ya watu, bana." Akakata.

Tangu hapo Nangila hakupokea simu. Nakhungu akavaa viatu vya kanisani, akaenda mjini kwenye ofisi ya kampuni. Kijana mmoja mtanashati aitwaye Kipkosgei akamkaribisha kwa adabu zote.

"Lakini Mama, ulikubali. Siku ya kwanza uliambiwa bonyeza moja kukubali sauti yako itumike kuboresha huduma. Ukabonyeza."

"Nilibonyeza ndio mnisaidie na ng'ombe. Kuboresha huduma ndiyo kunitangaza redioni?"

Kipkosgei akaitazama kompyuta yake.

"Na wakati nilikuwa naongea," Nakhungu akauliza taratibu, "hakuna mtu alikuwa anasikiza? Hata mmoja?"

"Hapana, Mama. Watu wa matangazo ndio walisikiza baadaye, wakitafuta sauti nzuri."

Jibu hilo lilimchoma kuliko tangazo lenyewe. "Basi nitoeni," akasema. "Redioni, na huko kwa mashine. Kila kitu nilisema, mkifute."

Nisiwaonee: walifuta. Tangazo likatoweka, na wakamletea mfuko wa chumvi ya ng'ombe kama pole, wakiupiga picha kwanza. Nangila ndiye hawakuweza kumrudisha. Nakhungu alimwandikia ujumbe kwamba mambo yamekwisha, akajibiwa, "Sawa."

Asubuhi moja Riziki akazaa. Huyo ndiye ng'ombe wa mwisho aliyenunuliwa na marehemu, na watu walishamwambia Nakhungu amuuze, ni tasa. Sasa ndama jike mwenye doa jeupe usoni alikuwa amesimama kwa miguu inayotetemeka. Nakhungu alicheka peke yake zizini, machozi yakimtiririka. Akampigia Nangila. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Angewaita majirani, lakini hao tangu lile tangazo wakimwona humuuliza Mshauri anaendeleaje.

Akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, akaitafuta ile namba.

"Karibu kwa Mshauri," ikasema ile sauti ya upole, kana kwamba hawakuwahi kujuana. "Namba yako haijasajiliwa. Kukubali sauti yako ihifadhiwe na itumike kuboresha huduma, bonyeza moja. Kukataa, kata simu."

Safari hii hakuna aliyemdanganya. Alijua vizuri sauti yake inaweza kufika wapi na nani atacheka. Alimtazama ndama akitafuta chuchu, akabonyeza moja, akasafisha koo.

"Mulembe, Mshauri," akasema. "Huku tumeamka salama. Tuko watatu sasa."