Mbuzi Waliochanwa Mapema

Asubuhi jua lilichoma, Dulmaa akawachana kwa kitana mbuzi wake thelathini, akiwatoa ili auze yale manyoya laini ya ndani yanayowakinga na baridi, akawaachia uwandani pamoja na kondoo. Saa saba upepo ukageuka, ukashuka kutoka milima ya Altai ukiwa na theluji.

"Si nilikwambia, mwanangu?" mama mkwe wake alisema mlangoni mwa hema. "Jua la mwezi wa nne ni mgeni mlevi. Anakukumbatia, kisha anakutapikia."

"Utanicheka baadaye, mama. Nishikie farasi."

Mbuzi aliyechanwa hafiki asubuhi katika theluji. Dulmaa alilijua hilo njia nzima akiwafuata kwa farasi. Bondeni aliona migongo ya kondoo tu, myeupe, imebanana. Kisha katikati yao ikachomoza pembe, na nyingine. Mbuzi walikuwa wamejipenyeza ndani ya sufu za wenzao, miili ina joto.

Mmoja tu, kikongwe asiye na pembe, alikuwa amesukumwa nje. Dulmaa alivua joho lake, akamfunga nalo, akampakia mbele yake juu ya farasi na kuliswaga kundi hadi zizini.

Mama mkwe alimtazama anavyotetemeka. "Haya, leo aliyechanwa ni nani?" akauliza, akimpa chai.