Kuni za Mwakani

Akiba haiozi, wanasema. Waliosema hivyo hawakuziona kuni za Solfrid mwezi wa kumi mwaka ule, zikiota ukungu chini ya turubai.

Lakini tusimcheke kabla ya kumjua. Solfrid alikuwa mpishi wa shule kule bonde la Rendalen, katika nchi za baridi za kaskazini, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono isiyojua kutulia. Mtu wa kuni katika nyumba ile alikuwa mumewe, Eilert. Kila mwaka, baridi ikielekea ukingoni na theluji ingali ya magotini, Eilert hukata miti ya gome jeupe. Kabla majani hayajachipua huwa amekwisha kuipasua. Kiangazi kizima kuni hupigwa upepo na jua, na vuli ikiingia, nazo zinaingia ghalani. Sasa mwaka ule, msimu wa kukata ulimkuta Eilert hospitali, amepasuliwa moyo. Hajapona vizuri, ikamshika nimonia. Ilipomwachia, wakampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa ya wilaya akajifunze upya kutembea. Kila Solfrid alipokwenda kumwona, Eilert alimuuliza swali lile lile.

"Nakuja lini nyumbani?"

Jibu alikuwa nalo Unni, muuguzi wa wilaya, mwanamke mpole lakini asiyepindishwa. "Nitakuja kuiangalia nyumba kabla theluji haijaanguka," alisema. "Nikikuta kuna joto la kutosha na hakuna moshi, Eilert atalala kitandani kwake. Nisipokuta, dada yangu, atabaki hapa mpaka machipuko. Mapafu yale hayawezi baridi, na moshi ndiyo kabisa."

Mpaka machipuko! Eilert alikuwa amekonda, hali chakula vizuri, haongei na mtu. Solfrid alijua moyoni kwamba mume wake akiachwa pale baridi nzima atakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa huwezi kumrudisha kwa vidonge.

Akajifunga kibwebwe. Hita za umeme hakuzifikiria hata kidogo, maana bei ya umeme siku zile ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, na mshahara wa jikoni mwa shule mnaujua. Madirisha akayaziba kwa vipande vya shuka kuukuu alivyovikunjakunja. Sebule kubwa akaifunga, akaning'iniza blanketi mlangoni, kitanda cha Eilert akakiburuza mwenyewe hadi chumba chenye jiko la chuma. Viazi vikaingia shimoni, matunda mekundu ya mwituni yakaingia chupani, soksi za sufu zikatiwa viraka juu ya viraka. Na kuni akakata mwenyewe. Mwenye msitu mmoja alikuwa ameangusha miti chini ya nyaya za umeme, akamwambia ajichukulie tu. Ilikuwa mwezi wa nane, na Solfrid alijua kwamba amechelewa. Si mjinga huyu mama. Alisema tu, jua likiwaka vizuri mwezi wa tisa, Mungu atasaidia.

Mwezi wa tisa ikanyesha mvua, ikanyesha, ikanyesha tena. Ndipo alipokwenda kununua turubai kubwa, akazifunika zile kuni kutoka juu hadi chini, akazifunga kwa kamba pande zote. Kila jioni alipita akazipigapiga kwa kiganja, ameridhika.

Aliyekuja kuivuruga furaha hiyo ni Gunnvor, jirani wa ng'ambo ya barabara, mfuga kondoo ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Hee! Mwanamke wewe, umefunika kuni au umembeba mtoto mgongoni?"

"Mvua yote ile, ulitaka ziloane?"

"Nilitaka zipumue! Hebu tuone." Hakungoja ruhusa, akafungua kamba, akaliinua turubai. Harufu iliyotoka pale ilikuwa ya chumba cha chini kilichofungwa miaka. Maganda yalikuwa yanateleza, na ukungu umetambaa mstari kwa mstari.

"Ni za juu tu hizo," alisema Solfrid.

Gunnvor akachomoa moja ya katikati, wakaingia nayo ndani, wakaitia ndani ya jiko la chuma juu ya makaa. Kuni ikafoka tsss, ikatoka povu ncha zote mbili, kioo cha jiko kikawa cheusi, na moshi ukarudi chumbani. Gunnvor akakimbia kufungua mlango moshi utoke. Solfrid aliketi juu ya kitanda cha mumewe akalia kama mtoto, kwa sauti, bila kujificha.

"Basi, shoga yangu. Basi."

"Hatamruhusu, Gunnvor. Unni akiuona moshi huu hatamruhusu."

"Nikupe zangu kidogo?"

"Zako umejipimia. Kila mtu bonde hili amejipimia zake. Na mimi sipiti nyumba kwa nyumba kuomba kuni, afadhali nichome meza."

"Nani kasema uombe?" Gunnvor ukali ukamrudia. "Ubadilishe! Kuni zako hazijafa, bibie, ni mbichi tu. Zipangwe upya, zipigwe upepo, mwakani zitawaka kama kawaida. Mpe mtu mbichi, akupe kavu. Hapo nani kamsaidia nani? Tafuta tu mtu mwenye kuni asizozihitaji mwaka huu."

Wakatazamana. Mtu kama huyo alikuwapo mmoja tu, na hakuna aliyetaka kulitaja jina lake. Mzee Torgeir aliishi mwisho wa barabara, miaka themanini na ushei, mgane tangu mkewe Oddlaug alipofariki miaka miwili nyuma. Ghala lake lilikuwa limejaa kuni hadi kwenye boriti, na walikuwa wakisema mkono wa birika ule haujawahi kumpa mtu hata kibanzi cha kuwashia moto.

Solfrid akaenda, miguu mizito. Torgeir alimkaribisha jikoni, akammiminia kahawa, na yeye mwenyewe akaketi amevaa koti na kofia humo humo ndani. Hita moja ndogo ya umeme ilikuwa ikinong'ona miguuni pake. Jiko lake la kuni lilikuwa baridi, juu yake amepanga magazeti.

Solfrid alipomaliza kueleza shida yake, mzee akatikisa kichwa.

"Sitoi."

"Siombi, Torgeir. Nabadilisha."

"Zile alizipanga Oddlaug. Mimi napasua, yeye anapanga. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Na kuni mbichi mimi nizifanyie nini, binti? Binti yangu aliye mjini Hamar kashanitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Baada ya Krismasi nafunga mlango huu. Niache."

"Kwa hiyo utazifungia humo?"

"Nitazifungia."

Hapo Solfrid akapandwa na hasira. Alikuwa ameshalia siku ile, hakubakiwa na aibu yoyote.

"Oddlaug alizipanga zichomwe!" alisema, kikombe kikigonga meza. "Hakupanga picha ya ukutani. Yule mama angekuwa hai, kuni zingekuwa kwangu kabla sijamaliza kahawa, na wewe angekutukana kwa kukaa na kofia mezani. Unatetemeka ndani ya nyumba yenye ghala limejaa, na mume wangu anaisha kwa sababu mimi sina. Aibu, Torgeir! Aibu kubwa."

Kisha akaogopa alichokisema, akasimama kuchukua kitambaa chake. Mzee hakumtazama. Alivua kofia taratibu, akaiweka magotini, akaishikashika.

"Za kwako," aliuliza, "zitakauka lini?"

"Zikipangwa vizuri? Mwakani."

"Mwakani." Alilitamka kama mtu anayeonja chakula ambacho hajakila siku nyingi. "Umepasua nene au nyembamba?"

"Nene kidogo. Mikono yangu si ya Eilert."

"Nilijua tu. Nene hazikauki, itabidi zirudiwe kwa shoka. Na zipangwe upande wa jua, si kule kwenye kivuli ulikozitupa wewe. Twende nikaone uharibifu wenyewe."

Jumamosi ile Gunnvor alileta trekta na trela. Walikwenda na mbichi, wakarudi na kavu, huku Torgeir amesimama uani na fimbo yake akiwasimanga. "Gome juu! Juu nimesema! Nyinyi mnapanga kuni au mnatupa takataka?" Gunnvor akamjibu kwamba amebeba kondoo walio watiifu kuliko yeye, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Ghala lilipoanza kuwa tupu aliingia peke yake, akakaa kitambo. Alipotoka alisema, "Haya, malizieni," na macho yake yalikuwa mekundu.

Unni alikuja, akakuta jiko limetulia, moto mweupe bila moshi, na joto limefika mpaka pembe za chumba. Aligusa madirisha yaliyozibwa, akagusa ukuta karibu na kitanda. "Mlete," alisema, na Solfrid akamkumbatia muuguzi wa watu mpaka miwani ikamdondoka.

Eilert akarudi. Usiku wa kwanza hakulala, alikaa tu akiutazama moto, na Solfrid alipomuuliza kama anahitaji kitu alisema hahitaji kitu chochote duniani. Asubuhi akala uji, akaomba mwingine. Nje theluji ilikuwa imeanguka.

Solfrid akaoka mikate ya iliki, akaifunika kwa taulo, akaenda kwa Torgeir kutoa shukrani. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno, na kila alilolipata lilikuwa dogo mno.

Alimkuta mzee nyuma ya nyumba, upande wa jua. Alikuwa anachomoa kuni moja moja kutoka kwenye zile mbichi, anazipasua kwa shoka jepesi, anazirudisha zikiwa zimeachana ili upepo upite. Moshi mwembamba ulitoka kwenye bomba la nyumba yake, maana kuni kavu kiasi alibakiza. Simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio, na sauti ya binti yake ilisikika mpaka pale alipo Solfrid, inauliza habari za kile chumba, kwamba watu wa nyumba ya wazee wanataka jibu leo hii.

"Waambie wampe mwingine," alisema Torgeir.

Sauti ikapanda. Mzee akasubiri imalize, akapuliza vumbi la mbao kwenye ncha ya kuni.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi siendi kokote. Nina kuni za mwakani hapa, na hazijakauka."

Akaikata simu, ndipo akamwona jirani yake amesimama kwenye theluji na sahani mkononi, machozi yanamtiririka.

"Asante, Torgeir," alisema Solfrid. "Asante sana."

"Asante ni yako, binti," alijibu mzee, na akageukia kuni zake.