Wale Waliosema Nakuja

Tarehe kumi na mbili Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, Nerima alifungua duka lake la redio na simu katika orofa ya pili ya Bidii Plaza, Busia, akapangusa vumbi kwenye kabati la vioo, akaketi. Kushoto kulikuwa na duka la kamera lililofungwa. Kulia kulikuwa na duka la saa lililofungwa. Lifti ilikuwa imekwama tangu mwaka wa korona, na ndani yake kulibaki mmea wa plastiki ambao mlinzi wa geti, Mukhwana, aliumwagilia maji kila Jumatatu kwa sababu ulikuwa umeanza kuchipua.

Mchana ikaletwa barua ya mwenye jengo: wapangaji wote wahame ifikapo tarehe thelathini. Wapangaji wote, jamani, walikuwa Nerima peke yake.

Siku hizi watu wananunua kwa simu, bodaboda anawaletea hadi mlangoni. Wachache wanaopanda ngazi hupanda kupiga picha bei ya spika, kisha husema, "Nakuja." Hapa mpakani mtu haagi. Akisema nakuja, anaondoka. Mgeni wa pwani anaweza kuketi akamsubiri mpaka azeeke. Mtu wa huku anaendelea na kazi zake.

Nerima ni wa huku, Msamia wa baba na mama, lakini kuna nakuja moja iliyomshinda. Mumewe, Othieno, aliisema mwaka wa 2007 akienda Tororo, ng'ambo ya mpaka, kuchukua spika, na uji wake ukapoa mezani. Kwani Tororo ni mbali? Baadaye ikajulikana kwamba anakaa Rubongi, huko huko Tororo, na mke mwingine, amenenepa, anauza mbolea. Nerima aliambiwa, akasema sawa, akaendelea kufungua duka kila asubuhi.

Tarehe kumi na tatu wale waliosema nakuja wakaanza kurudi. Walikuja wengi, wakaulizia pawabenki, wakabonyeza vitufe vya spika, wakasema nakuja, wakateremka. Nerima alimkumbuka kila mmoja. Jioni Mukhwana akapanda na kitabu chake cha wageni, amenuna.

"Madam, hawa watu wako wananiharibia kitabu. Leo wote wameandika mwaka jana, elfu mbili ishirini na nne. Nikiwasahihisha wanakuwa wakali."

"Waache tu," Nerima akasema.

Kesho yake waliandika 2023. Keshokutwa, 2022. Waliokuja tarehe kumi na saba wote walikuwa na barakoa, na Mukhwana akawatolea ndoo ya kunawia mikono. Baada ya hapo wakaja wa kuulizia memori kadi, kisha wa chaja za pini ndogo, kisha wa pini kubwa. Waliofariki miaka ya katikati walikuja pia, wala hawakusumbua mtu. Duka lilijaa kuliko Krismasi, na Nerima hakuuza hata betri.

Usiku hakupata usingizi. Alihesabu kwa vidole, akarudia: siku moja, mwaka mmoja. Mwaka wa 2007 ungeangukia tarehe thelathini yenyewe, siku ya mwisho. Akatunga sentensi moja, akaifanyia mazoezi mbele ya redio zilizozimwa. Othieno, usiende Tororo leo. Hakutaka kingine. Aliona kwamba huyo akikaa, miaka yote kumi na minane itakaa nayo.

Tarehe thelathini alipika uji wa wimbi, akautia ndimu, akaumimina kwenye kikombe cha bati. Saa nne Othieno akaingia. Alikuwa mwembamba, na shati lake la samawati lilikosa kifungo ambacho Nerima aliahidi kukishona.

"Hujambo, mama? Nerima ako wapi?"

Nerima alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo neno mama. Akavua miwani.

"Ni mimi."

Othieno akacheka kwa adabu, vile mtu hucheka utani wa mama mkwe. "Haya, mama. Akirudi umwambie nimeenda Tororo mara moja, kuna spika nachukua."

"Othieno, usiende Tororo leo."

"Aa, sikawii. Kwani nitamwacha mtoto wa watu peke yake na duka zima?" Akauona uji, akaunywa wote akiwa amesimama. "Mama, huu uji ni kama wake kabisa. Mwambie nakuja."

Alisema kwa moyo wake wote. Hicho ndicho kilichomuuma Nerima, kwamba kijana huyu hakuwa akidanganya. Akasikiliza viatu vyake vikiteremka ngazi, halafu akalia kwa sauti, maana hapakuwa na jirani wa kusikia.

Alasiri mwenye mkokoteni akabeba maboksi. Nerima akafuta jina lake mlangoni kwa kitambaa chenye petroli, akaosha kikombe, akashuka. Pale getini Mukhwana alikuwa amefungua kitabu.

"Ndiyo basi, madam? Umefunga kabisa?"

Nerima akageuka akatazama ngazi.

"Nakuja," akasema.

Mukhwana, ambaye naye ni mtu wa huku, aliitikia sawa, akaandika saa ya kutoka, akafunga geti kwa kufuli.