Kiti cha Mbele

Djamila hakutaka gari, hakutaka dhahabu, wala hakutaka ile safari ya Dubai ambayo wake wa matajiri wa Kolwezi huiota mpaka wakakonda. Alitaka chumba cha sinema. Sinema ndani ya nyumba yake mwenyewe, hapo mtaa wa Dilala, kwenye gereji ya nyuma ya nyumba ya zamani ya kampuni ambayo mumewe Sadiki, mwenye malori, aliinunua kuta zikiwa bado zinanuka grisi. Watu walimcheka. Acha wacheke! Watu wa mtaa ule wanacheka hata msibani.

Sababu yake ilikuwa moja, na jina lake Amadi. Amadi ni mdogo wake, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Djamila ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni na yeye mwenyewe bado mtoto wa kubebwa. Jioni walikuwa wanakwenda kuchungulia kwenye kibanda cha video, tundu moja la ubao kwa watu wawili, wanasukumana vichwa, na huyu anamsimulia mwenzake alichokiona. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yao, hawakuwa na nyingine. Kisha mtoto akakua, akafuata vijana wenzake, akaingia kwenye mashimo kuchimba kobalti. Kuanzia hapo Djamila hakuipenda mvua tena. Ikinyesha tu, analia, kwa sababu anajua ni mvua ndiyo inayoshusha udongo juu ya watoto wa watu.

Sadiki alipokubali habari ya sinema, kwa shingo upande, Djamila alipanda pikipiki akaenda mgodini mwenyewe. Wachimbaji walimsimamisha, mkono mbele, kwenye kamba iliyozungushwa mashimo: usivuke. Pale mwanamke havuki kamba; wanasema akikaribia shimo, jiwe la kobalti linakimbia, linazama chini zaidi, na watu wanabaki kuchimba udongo mtupu. Kuna mabibi waliopigwa kwa sababu ya hatua moja. Djamila akasimama juani na bakuli lake la bukari na sombe, ugali na kisamvu, mpaka Amadi alipotoka, mwekundu kwa vumbi toka nywele mpaka kucha.

"Yaya, dada yangu! Umekuja mpaka huku?"

"Nimekuja kukuchukua. Kuko kazi mu nyumba yangu. Tunatengeneza sinema, na kiti ya mbele kabisa itakuwa ya kwako. Lakini mashimo, basi. Uniapie."

Amadi alicheka, akaona dada hacheki, akaacha. "Wallahi, yaya. Sitashuka tena mu shimo."

Akaondoka naye hivyo hivyo, bila hata kuoga. Moyo wa Djamila ukatua.

Na kazi ikaanza, kazi tamu. Djamila alijifunza kwenye simu, usiombe, video juu ya video, mpaka Sadiki akauliza kama ameoa mke au fundi. Alichora chumba kwa chaki pale pale sakafuni. Turubai la picha ukuta wa mwisho. Kuta zipakwe rangi ya giza, ili mwanga usirudi machoni. Madirisha yazibwe kwa matofali. Tatizo lilikuwa mabati ya gereji: mvua ya Kolwezi ikiyapiga, hata maneno ya mtu aliye karibu nawe huyasikii. Wakatundika dari la mbao, juu yake magunia ya maranda. Ukutani wakagandisha trei za mayai, juu ya trei sponji za magodoro, juu ya sponji kitambaa. Milango akataka miwili, mmoja nyuma ya mwingine, yenye springi ya kujifunga yenyewe.

"Juu ya nini milango miwili?" Sadiki aliuliza. "Tunaficha nini?"

"Sauti, baba. Sinema ya kweli haitoe sauti inje."

Walipoijaribu, Sadiki aliingia na spika kubwa ya harusi, akaifungulia mpaka mwisho. Djamila alisimama kwenye kolido, akatega sikio. Kimya. Akaweka sikio ukutani. Kimya! Alipiga vigelegele peke yake kama mama wa bibi harusi.

Kilichobaki ni viti. Djamila alitaka safu ya nyuma iwe juu, ya mbele iwe chini, ili kichwa cha mtu kisimfunike mwenzake. Lakini gereji ilikuwa fupi. Ukipandisha za nyuma, vichwa vinagonga dari. Akafikiri, akatafuna chaki karibu aimeze, kisha akapata jibu, tena alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mumewe na mdogo wake.

"Kama hatuwezi kupandisha za nyuma, tushushe za mbele. Muchimbe."

Wakachimba.

Mwanzoni hakuona kitu. Aliona tu kwamba Sadiki, yule aliyekuwa anaguna kila akisikia neno sinema, sasa anaipenda kuliko yeye. Akamleta Muteba, utingo wa lori lake, amsaidie Amadi. Akatundika pazia zito nyuma ya mlango wa pili. Akamwambia mkewe, "Usiingie kwanza. Ni surprizi." Magunia yakawa yanatoka, yanapakiwa kwenye lori chini ya mihogo mikavu. Tangu lini udongo wa sakafu ukasafirishwa kama bidhaa? Djamila alijiuliza, akajijibu kwamba wanaume wana mambo yao.

Siku moja akawapelekea chakula. Alisukuma mlango wa kwanza, akasukuma wa pili, akanyanyua mguu avuke kizingiti. Amadi akaruka kutoka nyuma ya pazia, mkono mbele.

"Yaya, hapana! Usivuke!"

Neno lile lile la kwenye kamba, na mkono ule ule. Kucha zake zilikuwa nyeusi, weusi ule wa jiwe lenyewe, ambao hautoki kwa sabuni. Mwenye macho haambiwi tazama. Djamila alielewa yote kwa mara moja: chini ya sakafu yake wamekuta jiwe, na mdogo wake aliyemtoa kwenye shimo la watu yumo kwenye shimo la nyumbani kwake.

"Uliniapia, Amadi."

Kijana akaangalia chini. "Yaya, hii si mine ya kule mugodini. Ni mu nyumba. Ni kidogo tu."

Mguu wa Djamila ulikuwa bado uko juu, na yeye alijua vizuri kabisa nguvu yake. Akiushusha ndani, yamekwisha: Muteba atapiga kelele kwamba mwanamke amevuka na jiwe limekimbia, Sadiki atatukana, Amadi mwenyewe atakasirika, lakini hakuna atakayeshuka tena. Hatua moja tu.

Aliurudisha nyuma.

Kwa nini? Kwa sababu ya viti. Sadiki alikuwa ameleta viti asubuhi ile, vyekundu, vya ngozi, bado vimefungwa nailoni, na Djamila alikuwa ameshakalia kimoja kwenye kolido akafumba macho. Alikwisha mwambia jirani yake Mignonne siku ya kufungua. Alijiambia shimo ni fupi, nyumba ni imara, hawa wazungu wa zamani walijenga. Mtu akijidanganya mwenyewe hakuna wa kumkamata. Akampa mdogo wake sahani, akarudi jikoni.

Alimgusia mumewe, ndiyo. Sadiki akasema, "Kidogo tu, kisha tunaziba na sima ya kujengea, tunaweka kiti. Unafikiri biti bile bya ngozi bilitoka mu mbingu?" Djamila akaenda kwenye kolido, akaanza kuvitoa viti nailoni.

Viti vikaingizwa ndani, vikapangwa safu ya nyuma, vinangoja. Mvua ya kwanza kubwa ikaja mchana. Sadiki na Muteba walikuwa wameondoka na lori, wamemwambia Amadi apumzike mpaka warudi. Djamila aliamini kwamba anapumzika. Mignonne alikuja na mwavuli wake, wakakaa sebuleni na chai na mikate ya moto, na Djamila akamchorea chumba kwa kidole mezani: hapa turubai, hapa safu ya nyuma, hapa kiti cha Amadi. Mignonne akaweka sikio kwenye ukuta wa sebule uliopakana na gereji.

"Kweli, mama, hakuna kitu! Ungechinja mbuzi mule, hata jirani haombe nyama."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mvua ilipopungua, Djamila akachukua sahani ya mikate ampelekee mdogo wake. Akasukuma mlango wa kwanza. Akasukuma wa pili. Akaita. Akavuta pazia.

Sehemu ya mbele ya chumba haikuwepo. Maji ya uani yalikuwa yamepenya chini ya ukuta, udongo umekatika, na viti viwili vyekundu vimeteleza, vimelala miguu juu ndani ya tope. Ngazi ya mbao ilichungulia kidogo tu. Sahani ikamponyoka. Djamila alivuka, akashuka kwa makalio, akachimba kwa mikono, huku anapiga kelele kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. "Amadi! Mignonne! Batu, mutusaidie!" Milango ilikuwa imekwisha jifunga nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kama alivyotaka. Upande wa pili wa ukuta Mignonne alikuwa anajimiminia chai. Ilibidi Djamila apande, aliache shimo, atoke mpaka kwenye kolido, ndipo kilio chake kikawa kilio.

Majirani walikuja na machepe. Walipomfikia Amadi, mikono yake ilikuwa juu, na mdomo uko wazi, umejaa udongo. Mtu hafi hivyo akiwa kimya. Aliita, na aliita sana, na dada yake alikuwa karibu naye, anacheka habari ya mbuzi.

Walimzika kesho yake. Msibani wanaume walikaa uani chini ya turubai, Sadiki katikati, kichwa chini. Muteba ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini inayotaka kusikika.

"Shimo ilikuwa muzuri. Tuliifunga miti muzuri. Mwanamuke ameingia, njo maana imeanguka."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema jambo hilo linajulikana. Sadiki angeweza kusema kwamba mkewe aliingia udongo ukiwa umeshaanguka. Alijua hivyo, watu wote walijua hivyo. Hata kichwa hakukiinua.

Djamila alisikia kutoka mlangoni. Akatoka katikati ya wanaume, kitenge kimefungwa kifuani, kucha zake bado nyeusi.

"Ni kweli, mi niliingia," alisema. "Lakini nilichelewa. Siku ile nilisimama pale na sahani, muguu yangu juu, na nikairudisha. Ningeingia siku ile, mungenitukana, mungenipiga, na mutoto wa mama yangu angekuwa hapa anakula. Muteba, usiseme niliingia. Useme nilichelewa."

Akarudi ndani kwa wanawake, akaketi kwenye mkeka, na akalia. Kilio kile kilisikika mpaka barabarani, kwa sababu sebule haikuwa na sponji.