Malengelenge ya Mtoto wa Gesare

Kemuma hakumpenda Gesare, wala hakujisumbua kuficha. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mke pekee wa Mayaka pale Migori, akazaa mabinti watupu. Kisha kikaletwa hiki kisichana, kikajifungua dume mwaka huohuo! Wivu ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo malengelenge yalipomtoka kichanga kichwani, Kemuma hakuchelewa kumtia mumewe maneno: hiyo ni amasangia, balaa la mke aliyetoka nje ya ndoa. Mayaka akaapa kwamba hospitali ikithibitisha, Gesare atarudi kwao mikono mitupu, na mtoto atalelewa na Kemuma.

Wakaenda hospitali ya Homa Bay. Mayaka na Gesare walijua Kigusii tu. Mkalimani akawa Kemuma, aliyeokota Kiswahili sokoni akiuza ndizi. Fisi kakabidhiwa bucha!

Odoyo, mpimaji wa maabara, alikwangua chini ya lengelenge moja, akapaka ule ute kwenye kioo, akautia rangi, akainamia hadubini. Kemuma alisubiri roho juu. Sema uzinzi, alimwomba kimoyomoyo. Sema tu!

"Mama, hii ni kijidudu ya vidonda vya mdomo," Odoyo alisema. "Kwa mtoto mchanga inaweza kuua. Lakini bado iko kwa ngozi tu. Akae hapa, anyonye mama yake, anaweza kupona. Daktari amepima mama yake, yeye hana. Sasa nani mwingine ameweka huyu mtoto mdomo?"

Kemuma alijigusa mdomo. Mtoto alipozaliwa, yeye, mke mkubwa, ndiye aliyemfyonza makamasi puani kwa mdomo wake, Mayaka akitazama, ili aonekane ana moyo. Na mdomo ule ulikuwa na kidonda.

"Anasemaje?" Mayaka aliuliza kwa Kigusii.

Gesare alimkazia Kemuma macho. "Mama, atakufa?"

Uongo mmoja tu, na Gesare angeondoka. Kemuma aliutamani mpaka mate yakamjaa. Lakini Gesare angeondoka na maziwa yake.

"Ni mimi niliyemwambukiza," alimjibu Mayaka kwa Kigusii. "Ni kidonda changu. Gesare hana kosa, amnyonyeshe."

Mayaka hakumgombeza. Hata hakumtazama. Alikwenda kuketi kwenye benchi kando ya Gesare, bega kwa bega, akamfunika mtoto kwa koti lake. Kemuma akabaki amesimama, akatamani angenyamaza.