Jenereta ya Jumanne

...na ile kubwa nyekundu ndiyo kila mtu anayoitaka, kaka yake anaitaka, muuzaji anataka itoke dukani leo, hata yeye mwenyewe alipoingia macho yalikwenda hapohapo, maana ina matairi na ina mwili, ukiitazama unasema hii haitaniangusha, na muuzaji hanyamazi, “Dada, hii inabeba nyumba nzima, friji, pampu ya maji, pasi, runinga, we washa tu usiulize,” na kwenye simu kaka naye anaimba wimbo uleule kutoka ofisini kwake, nyumba nzima, nyumba nzima, kana kwamba inayoshindwa kupumua ni nyumba, si baba yao, mzee wa watu mwenye mrija puani na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, mashine inayokula umeme kutwa kucha, na umeme ukikatika inapiga kelele kidogo kisha kimya, na kimya hicho... hapana, hataki kuifikiria Jumanne, amekuja kununua na atanunua, hatoki hapa mikono mitupu hata wamfungie ndani ya duka, cherehani ameifunika, sare za shule za watu zitangoja, wenyewe wanune wakipenda.

“Usituletee tena mkweche kama ule wa shemeji,” kaka anasema, na yeye anaguna kukubali, maana ile ya kuazima wameitukana wiki nzima, wameirudisha kwa shemeji bila hata ahsante, ilikataa kuwaka siku ya siku, saa nne asubuhi, mtungi wa akiba wa oksijeni umekwenda kujazwa, dakika kumi na nane baba bila mashine, na simu yake imo kwenye droo ya cherehani, mama amepiga mara nne, mara nne jamani, na yeye anapiga mshono huku anaimba, alikuwa anaimba, aibu hiyo itamkaa mpaka lini, akafika nyumbani mbio na futi ya kupimia bado shingoni, umeme haujarudi, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, baba kaegemezwa mito mitatu, midomo ina rangi ya majivu, anajaribu kumtania, “Umekuja kunipima suti?” na pumzi ikamwishia kwenye suti...

“Tazama hapa, dada,” muuzaji kashika kamba ya ile nyekundu, mguu mmoja mbele, mkono umejaa kama gogo, akavuta, ikawaka, duka zima likatetemeka, akaizima huku anatabasamu, “Umeona? Mara moja tu,” na yeye ameona, ameona vizuri sana, kwa sababu kaka naye alivuta mara moja tu, Jumapili ile walipoijaribu ya shemeji, ukoo mzima umejipanga nyuma ya nyumba, kaka kakunja mikono ya shati, kavuta, ikawaka, wakapiga makofi, watoto wakaicheza ile ngurumo, na mama yuko kwenye mlango wa jikoni kajishika bega, bega la kulia lisilopanda tangu alipoteleza bafuni, anacheka na wao, na hakuna hata mmoja, hata yeye anayejifanya mjuaji wa kila kitu, aliyesema hebu mama na wewe jaribu. Waliijaribu Jumapili, wanaume wamejaa nyumbani, kama vile umeme huwa unapiga hodi na kuuliza leo mpo... na Jumanne mama akaivuta kwa mkono wa kushoto, akavuta, akavuta, akaenda kumwita fundi wa kuchomelea, jirani yao, akaja na kinyago chake cha chuma kimepandishwa kichwani, na mama alisimulia yote haya jioni ileile, alisema, “Yule akaivuta mara moja tu, mwanangu, ikawaka,” alisema hivyo, na wao wakaendelea kuitukana jenereta.

Haikuwa mbovu. Mungu wangu, haikuwa mbovu, ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya mkono wa kaka, na hii nyekundu nayo ni ya mkono wa kaka, kubwa zaidi, kamba nzito zaidi, “Na hiyo ndogo?” anauliza, muuzaji anakunja uso, hiyo inawaka kwa kitufe lakini haibebi pampu, haibebi pasi, na pasi ikafie mbali, maji watachota, lakini kuna kile kibomba cha kufungulia petroli, muuzaji mwenyewe anakifungua kwa kukaza kidole, na kitufe kiko chini, mama atainama vipi, hajui, hilo ndilo analoligundua amesimama hapa, hajui mkono wa mama yake unafika wapi.

“Kaka, mchana nyumbani kuna nani?”

“Si mama na baba, unaniuliza mimi?”

“Basi toka ofisini ukakae na baba, mama apande gari aje huku.”

“Nina kikao—”

“Kiache,” na anashangaa sauti yake haikutetemeka, na anasikia kiti cha kaka kinaburutwa upande wa pili, na muuzaji bado yuko palepale, kitabu cha risiti mkononi, “Haya dada, nikufungie ipi?”

“Subiri,” anasema, “mwenye kuiwasha hajafika.”